Mheshimiwa, vijana wetu wanarudi lini?

Habari ya kuwa wanajeshi wetu wanatolewa Kongo sie huku Wete, Pemba, tuliipata kwenye simu. Ilikuwa Ramadhani, tarehe 13 Machi 2025, ikaingia kwenye magrupu ya WhatsApp taarifa ya SADC, ile jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kuwa wakuu wa nchi wamekutana kwa njia ya mtandao na wameamua kuusitisha ule ujumbe wao wa kijeshi wa mashariki ya Kongo, SAMIDRC, na majeshi yatoke kwa awamu. Nilifurahi, wallahi nilifurahi, na sikuwa peke yangu. Lakini nilipokaa nikafikiri nikaona kuna mtu hayumo kabisa katika habari hii, nae ni mbunge wangu. Vijana walipopelekwa Desemba 2023 hakuja kutwambia wanaenda kufanya nini. Walipouliwa hakuja. Walipozingirwa hakuja. Na wakati wa kutolewa pia, aliyetwambia ni jumuiya ya nchi 16, sio yule tuliempangia foleni juani kumpigia kura.

Kwa hivo hii namuandikia yeye, na nawaandikia nyinyi mnaosoma ambao nanyi mna wabunge wenu, mana naona jambo la kupeleka watu vitani na kuwatoa tumeliwacha kabisa mikononi mwa Amiri Jeshi Mkuu na vikao vya nje, sisi kazi yetu imebaki kupokea majeneza na kusoma khitma.

Kwanza niseme hili lisije likageuzwa. Jeshi letu naliheshimu. Mwaka 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipopitisha azimio namba 2098 na kuunda ile brigedi ya kule kule Kongo iliyopewa ruhusa ya kuwafuata waasi na kuwapiga, Tanzania ilitoa kikosi pamoja na Afrika Kusini na Malawi, kamanda wa mwanzo alikuwa Mtanzania, Jenerali James Mwakibolwa, na kabla mwaka haujesha waasi wa M23 walishindwa wakakimbia. Sifa hiyo hakuna anaewavua. Na watu wa Kivu ni binadamu wenzetu, wanachinjwa na wanahamishwa makwao miaka nenda miaka rudi, sitaki mtu aseme nawakatia udugu.

Ila tuhesabu. Brigedi ile kwenye maandishi iliwekwa kwa mwaka mmoja wa mwanzo. Mtoto aliezaliwa mwaka ule sasa hivi yuko madarasa ya juu ya msingi na Watanzania bado wako kule chini ya MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani Kongo. Mwaka mmoja ukawa zaidi ya kumi na mimi katika miaka yote hiyo sijapata kumuona mbunge wa huku kwetu akisimama kwenye mkutano wa jimbo akasema jamani, muda umeongezwa, sababu ni hii, na mimi nilikubali au nilikataa.

Na katika muda huo ndo ikatokea Semuliki. Tarehe 7 Disemba 2017, kule Beni, Kivu ya Kaskazini, waasi waliivamia kambi ya Watanzania, siku ile walikufa 14 na waliojeruhiwa walizidi 40. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alisema ndo shambulio baya kabisa kwa walinda amani katika historia ya karibuni ya umoja huo. Wengi tunaikumbuka ile wiki, bendera, gwaride, hotuba. Kilichokuja baada ya pale wachache wanakikumbuka. Umoja wa Mataifa waliunda timu ya uchunguzi na ripoti ilipotoka ilisema wazi kwamba hapakuwa na mpango unaofanya kazi wa kuwapelekea wale askari msaada na kuwatoa, uongozi na mawasiliano ya amri yalikuwa na kasoro, na vilipungua vitu vya lazima, ndege, wahandisi, taarifa za kijasusi. Yani mtoto wa mtu kawekwa porini na akivamiwa hakuna njia iliyopangwa ya kumfikia. Hili ndo la mbunge kulishika kwa mikono miwili asiliwache mpaka ajibiwe, kwamba kuanzia leo hapelekwi mtu wetu sehemu ambayo hakuna helikopta ya kumtoa. Nani aliuliza? Nani alijibiwa nini? Waliotuwakilisha waje watwambie.

Jirani yangu mmoja, bi mkubwa, jina lake naliwacha, mwanawe alikuwa katika kundi la SADC. Wakati M23 wanaingia Goma tarehe 27 Januari 2025 yule mama hajui hata mwanawe yuko mji gani, anajua Kongo basi. Alikuja kwetu usiku akanipa simu nimuangalilie kama ujumbe wake umefika. Tiki moja. Asubuhi kaja tena, tiki moja. Akawa simu kaifunga kwenye pindo la kanga, kila ikitetema anaifungua, anakuta ni watu wa mtandao wanatangaza vifurushi. Hana namba ya kupiga, hana ofisi ya kwenda, hana mtu wa kumuuliza, mtu pekee anaemjua katika serikali yote ya Muungano ni mbunge, na simu ya mbunge haipokelewi. Ilipoingia tiki ya pili, siku kadhaa baadae, alikuwa jikoni, akakaa chini pale pale sakafuni na mchuzi ukaungua hakuna hata alieujali. Alhamdulillah kijana wake karudi mzima, kuanzia mwisho wa Aprili walipitishwa kwa barabara kupitia Rwanda mpaka kwetu. Lakini jeshi lenyewe lilitangaza kuwa wanajeshi wetu wawili wamekufa katika mapigano yale ya Januari, na mwaka mmoja nyuma, Aprili 2024, SADC walitangaza watatu wameuliwa na kombora la mota lililoangukia karibu na kambi yao. Hao nao wana mama zao.

Nililitia suala hili barazani, pale tunapokunywa kahawa baada ya Isha, na majibu niliyopewa ni yale yale nnayoyasikia kila pahala. Ami yangu mmoja, mzee wa watu, akasema, "Mwanangu, hayo ni mambo ya jeshi, ni siri, hata mbunge haambiwi." Mwengine akasema ulinzi ni mambo ya Muungano, sisi huku tuna mwakilishi wetu wa Baraza tumuulize maji na skuli. Nakubali kwamba ulinzi ni wa Muungano, lakini Bunge la Muungano ndani yake kuna wabunge 50 waliochaguliwa majimbo ya Zanzibar na wengine watano wanaotoka Baraza la Wawakilishi, hawa wanakwenda Dodoma kufanya nini kama jambo la Muungano la kwanza kabisa, la roho za watu, hawaliulizi?

Na hiyo siri, mie sijauliza mizinga imewekwa wapi. Tuangalie wenzetu tuliokuwa nao kule kule. Katiba ya Afrika Kusini kifungu cha 201 inamtaka rais akishalipeleka jeshi alijuulishe Bunge haraka mambo manne, sababu, pahala, idadi ya watu na muda. Kwa ajili hiyo Waafrika Kusini walijua kuwa rais wao ameidhinisha wanajeshi 2,900 kwenda na SADC, na walipokufa 14 kule Januari 2025 waziri wa ulinzi na mkuu wa majeshi waliitwa mbele ya kamati za bunge wakahojiwa na watu wakiangalia kwenye televisheni. Malawi ilipoteza watu na tarehe 5 Februari rais wao akaamuru jeshi lake lijitayarishe kuondoka, wananchi wakasikia kutoka kwake. Kenya katiba yao inataka Bunge liidhinishe kabla ya kikosi kwenda nje kwenye shughuli za kulinda amani. Jeshi la Afrika Kusini halijavunjika kwa kuwaambia watu idadi. Kwa nini letu livunjike?

Sasa sisi. Katiba yetu ibara ya 44 inasema Rais akitangaza hali ya vita anapeleka nakala kwa Spika na ndani ya siku 14 Bunge likutane lijadili kama linaunga mkono au la. Nzuri kabisa. Tatizo ni kwamba hizi za Kongo hazitangazwi kuwa vita, ni ujumbe, ni operesheni, ni kulinda amani, na ibara ya 148 inampa Amiri Jeshi Mkuu uwezo wa kuyaamuru majeshi yafanye operesheni ndani au nje ya nchi. Kwa hivo mlango mkubwa umefungwa. Umebaki ule wa ibara ya 63, inayosema Bunge ndo chombo kikuu cha kuisimamia na kuishauri serikali kwa niaba ya wananchi na mbunge anaweza kumuuliza waziri yeyote suali lolote juu ya mambo ya umma. Mlango huo hauna kufuli, unataka mtu wa kuusukuma tu.

Hapa kuna kisa cha Marekani ambacho nakirudia kila siku barazani na leo nakiandika, mana kinaonesha kuwa kumchagua mtu alieahidi kuyatoa majeshi ni nusu ya kazi, tena nusu nyepesi.

Novemba 2006 Wamarekani walichoka na vita vya Iraq. Wakapiga kura, chama cha Democratic wakakipa mabaraza yote mawili ya Bunge lao, na kila mtu alijua sababu kubwa ni Iraq. Januari 10, 2007 Rais Bush akatoka kwenye televisheni akasema anaongeza askari zaidi ya 20,000. Watu wamepiga kura ya kutoa, yeye anaongeza. Haya, Bunge lina silaha moja kubwa, pesa. Wakatunga muswada wa fedha za vita, kama dola bilioni 124, ndani yake wakatia ratiba ya kuondoka. Bush akaukataa kwa veto tarehe 1 Mei. Siku ya pili yake Baraza la Wawakilishi wakajaribu kuipindua veto, kura 222 kwa 203, wingi wanao lakini theluthi mbili hawana. Mpaka hapo siwalaumu. Walichofanya baadae ndo kinachonikaa rohoni, kabla ya Mei kumalizika wakapitisha pesa bila ya tarehe ya kurudi, kwa hoja kuwa askari walioko uwanjani wasinyimwe. Ni kama kumpa nahodha mafuta na nauli zote halafu usimuulize chombo kinashusha wapi. Mwaka ule wa 2007 ndo Wamarekani wengi kuliko mwaka mwengine wowote walikufa katika vita vile, kiasi cha mia tisa, Wairaqi walikufa wengi zaidi, na majeshi ya Marekani yalikuja kutoka Disemba 2011.

Kuna mama mmoja kule, Cindy Sheehan, mwanawe Casey aliuliwa Baghdad Aprili 2004. Agosti 2005 alikwenda akapiga hema karibu na shamba la Bush kule Crawford, Texas, akisema anataka rais amueleze mwanawe amekufa kwa sababu gani. Watu wa Democratic walimpenda sana kipindi kile kwa sababu alikuwa anamsumbua Bush. Lakini walipochukua Bunge na pesa zikaendelea kutoka, yule mama hakunyamaza kwa kuwa sasa ni watu wa upande wake, alimgeukia Spika Nancy Pelosi mwenyewe, akagombea dhidi yake San Francisco mwaka 2008. Hakushinda, alitoka wa pili. Mie yule mama namvulia kofia, mana kumuuliza mpinzani ni rahisi, kumuuliza mtu wa chama chako uliemtilia kura na kumpigia vigelegele ndo kazi, na huku kwetu Pemba ambako vyama vimeingia mpaka kwenye maziko na maharusi, mtu akiuliza suali anaulizwa kwanza we wa chama gani.

Na asiseme mtu kuwa ahadi za namna hii hazitekelezeki. Uhispania, José Luis Rodríguez Zapatero aliahidi kabla ya uchaguzi kuwa atawatoa wanajeshi wao Iraq. Alishinda tarehe 14 Machi 2004, akaapishwa Aprili 17, na kesho yake, Aprili 18, akatoa amri. Walikuwa kama 1,300, mwisho wa Mei wamekwisha ondoka. Marekani ilikasirika, ndio. Uhispania ikabaki pale pale ilipo.

Silaha ile ya pesa sisi pia tunayo, watu hawaitumii. Wakati wa bajeti kila wizara inakuja kuombewa fedha zake, pamoja na Wizara ya Ulinzi na JKT, na mbunge asiporidhika na maelezo anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri mpaka apewe majibu. Tumeona wakishika shilingi kwa mambo ya korosho, ya umeme, ya barabara. Washike kwa hili. Sisemi askari wanyimwe posho au risasi, nasema kabla ya kusema ndiyo, waziri asimame aseme ujumbe huu mwisho wake lini na kwa kipimo gani tutajua umekwisha. Akisema hana tarehe, na hilo ni jibu, liandikwe kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, tutalisoma.

Wazee wetu walioshuhudia vita vya Uganda wanakumbuka Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alivozungumza, uwezo, sababu na nia, kila mtu na redio yake alisikia sababu ilikuwa nini, Amin kaingia Kagera kaua watu. Waliumia kwa uchumi ulivoanguka baadae, sukari hakuna sabuni hakuna, na majeshi yetu yalibakia Uganda mpaka 1981, na kuna wanaosema mpaka leo tulikaa mno. Lakini sababu waliambiwa. Na Machi 2008, Anzuani, hapo kwa jamaa zetu Wangazija, majeshi ya Umoja wa Afrika wakiwemo wetu yalikwenda kumtoa Kanali Mohamed Bacar aliegoma kutoka madarakani, sababu ikajuulikana, kazi ikaonekana imekwisha. Sio kila safari ya jeshi ni giza. Giza ni pale inapoongezwa muda kimya kimya na anaeulizwa anasema tuwaombee dua. Dua tunaomba, mheshimiwa, kila swala. Sisi hatukukuchagua uimamu.

Saivi watu wanasema lakini si washarudi, unalia nini. Wamerudi wale wa SADC. MONUSCO Watanzania bado wapo, Jamhuri ya Afrika ya Kati wapo, na M23 wamechukua Goma na Bukavu kwa hivo kesho inaweza kuja jumuiya nyengine na ombi jengine la vikosi na sie tutasoma tena kwenye simu.

Barua nimeshaiandika. Inakwenda kwa mbunge wangu, nakala kwa mwenyekiti wa kamati ya Bunge inayoshughulikia mambo ya nje, ulinzi na usalama. Nimemuuliza wanajeshi wetu wako nchi ngapi na kwa idadi gani, kila ujumbe muda wake unakwisha lini na nani anaamua kuuongeza, yale mapungufu yaliyoandikwa baada ya Semuliki yamerekebishwa yepi, na familia ya askari alieko nje ikitaka habari zake usiku wa mapigano ipige namba gani. Hili la mwisho limetoka kwa yule bi mkubwa, aliniambia nilitie hata kama mengine yote nitayafuta. Nimemuomba ayapeleke kama maswali ya msingi katika mkutano wa Bunge unaofuata, na majibu aje atusomee mwenyewe, kwenye uwanja ule ule aliposimama kuomba kura.

Wenye jamaa zao walioko huko na wanataka majina yao yawemo kwenye barua wanitafute kabla ya Ijumaa, naipeleka mkononi baada ya swala. Asietaka jina lake lionekane nitamuandika mzazi wa Wete, mzazi wa Konde, mzazi wa Micheweni, inatosha.